Siku Tatu za Milima na Mito Machakos

Panga kwa mvua kwanza, tarehe baadaye. Watu wengi wa Nairobi hutazama kalenda ya shule, wakaona wikendi ndefu, wakawasha gari. Wakifika Machakos mwezi wa Septemba hukuta vilima vimekauka, mito imebaki mchanga na vumbi limetanda kila mahali. Hurudi wakisema Machakos hakuna cha kuona. Cha kuona kipo, ila mwezi walioenda ndio mbaya kuliko yote.

Ukambani, eneo la Waakamba iliko Machakos, hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwingi Kenya watu hutegemea masika. Mkulima wa Machakos huamini zaidi vuli, kwa sababu ndiyo ambayo haimwangushi mara kwa mara. Fuata hesabu yake. Majuma mazuri kabisa ni ya mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari: vilima ni kijani, kunde na mbaazi zimejaa mashambani, mito bado ina maji na maembe yanaanza kuiva. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni pia panapendeza. Julai na Agosti mawingu hukaa juu ya milima hadi mchana na baridi huuma. Ukipanda mlima wakati huo utaona ukungu tu. Aprili barabara za udongo huteleza, na gari dogo litakulaza njiani.

Siku tatu zinatosha kwa anayetaka kuanza vizuri. Ya kwanza iwe ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, ya pili ya vilima vya Iveti na mashamba ya matuta, ya tatu uchague kati ya nyanda za Athi na bwawa la Masinga. Ukiwa na siku mbili tu, acha ya tatu. Usiiache ya pili, hata kama haina mnyama wala lango la kulipia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku inayofanya Machakos kuwa tofauti na mahali pengine popote unapoweza kwenda kutazama maumbile nchini Kenya, nami nitaeleza kwa nini.

Kuhusu kufika: mji wa Machakos uko kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi. Unafuata barabara ya Mombasa, unapita Athi River, kisha unakata kushoto Kyumvi. Matatu zinatoka katikati ya Nairobi mchana kutwa. Hata hivyo, kwa siku ya kwanza usipitie huko. Ol Donyo Sabuk iko upande wa kaskazini wa kaunti, na kutoka Nairobi njia rahisi ni ya Thika, kisha barabara ya Garissa hadi kituo cha Kilimambogo, ambapo unakata kulia na kuvuka mto Athi. Anayetoka Machakos mjini hupita Kangundo na Tala. Basi ukipanga kuanzia mlimani na kumalizia mjini, utazunguka kaunti bila kurudia barabara.

Mlima wenyewe hauna majirani. Umesimama peke yake juu ya nyanda, mita 2,145 kutoka usawa wa bahari, umevaa msitu kuanzia chini hadi karibu na kilele. Mbuga ya kitaifa iliyouzunguka ilitengwa mwaka 1967 na ni ndogo, kilomita za mraba zisizozidi ishirini na moja. Udogo huo usikudanganye. Msituni mna nyati, na ndio waliofanya wenyeji wengi kuuita Kilimambogo. Kwa sababu hiyo kupanda kwa miguu bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni jambo la kutofikiriwa. Mwombe askari langoni mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, na ulipie huduma yake pamoja na kiingilio. Malipo ni ya simu na mtandao kupitia eCitizen, si pesa taslimu, na viwango hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa kutoka nje. Beba kitambulisho na uangalie bei mpya kabla ya kuondoka nyumbani.

Kutoka langoni hadi kileleni ni kama kilomita tisa kwa barabara ya udongo inayopindapinda. Gari la magurudumu manne hufika juu wakati wa kiangazi. Nakusihi utembee, angalau kwenda. Anayepanda kwa gari huona miti; anayetembea huona msitu ukibadilika. Chini ni vichaka na miti mifupi ya nchi kavu. Ukizidi kupanda, hewa inapoa, miti inarefuka, ndevu za kuvu zinaning'inia kwenye matawi, na sauti zinabadilika. Nyani hubweka chini. Juu utasikia mbega kabla ya kumwona, kisha mkia mweupe unapita kati ya majani. Ukiona ndege wa kijani anayeruka ghafla na mbawa zake zikawa nyekundu kama damu, huyo ni turako, na kwa wapenda ndege wengi yeye peke yake anatosha kuwapandisha mlima huu. Tembea kimya. Kundi la watu kumi wanaopiga soga halioni kitu. Wanne na askari wao huona mengi.

Askari akisimama, simama. Akikuonyesha kwa mkono urudi nyuma, rudi bila kuuliza. Nyati dume mzee aliyeachwa na kundi hukaa kimya kichakani mpaka umkaribie kabisa, na askari anajua wapi amemwona jana.

Karibu na kilomita ya saba kuna makaburi ya Sir William Northrup McMillan, mkewe Lucie na Louise Decker aliyewahudumia, pamoja na mbwa wao. McMillan alikuwa Mmarekani tajiri aliyelowea hapa, akamiliki shamba kubwa la Juja, na mwaka 1909 akampokea Theodore Roosevelt. Alikufa mwaka 1925. Inasemekana alitaka kuzikwa kileleni kabisa, ila gari lililobeba jeneza likashindwa na mteremko, ndipo akazikwa hapo lilipokwama. Maktaba ya McMillan iliyoko Nairobi ilijengwa na mjane wake kwa kumbukumbu yake na kufunguliwa mwaka 1931. Pumzika hapo, unywe maji, utazame Nairobi na nyanda za Athi zilivyolala chini. Lakini kumbuka kwamba mlima huu ulikuwa na wenyewe kabla ya kaburi hilo. Kwa Wakikuyu ni mojawapo ya milima anapopumzika Ngai, na Waakamba, wenyeji wa chini yake, wameutegemea kwa mvua na kuni tangu zamani. Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka juu, Mlima Kenya huonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Ndiyo sababu ya kuanza mapema: ikifika saa nne, joto la nyanda limeinua ukungu na milima yote miwili imetoweka.

Unaweza kulala hapohapo. KWS ina nyumba ya wageni na uwanja wa kambi ndani ya mbuga. Ukilala kambini beba kila kitu, pamoja na maji na sweta nzito, na usiache chakula nje, maana nyani hawasubiri kukaribishwa.

Alasiri nenda Fourteen Falls, mwendo mfupi tu kutoka langoni. Hapo mto Athi unagawanyika juu ya miamba na kuanguka mita ishirini na saba hivi kwa mikondo mingi. Baada ya mvua ni ukuta wa maji unaonguruma. Katika kiangazi hubaki michirizi, na hapo unaona umbo la mwamba vizuri zaidi. Lazima niseme wazi kwamba maji hayo si safi. Mto Nairobi huingia Athi kabla ya maporomoko, ukibeba taka za jiji zima, na siku nyingine povu na harufu husimulia yote. Usiogelee, usimruhusu mtoto kunawa humo, na usimlipe kijana yeyote aruke kutoka juu ili upate picha. Pesa yako ndiyo inayomshawishi. Ukitaka kuwaunga mkono vijana wa hapo, lipia mtumbwi au mwongozo wa kuvuka mawe, ambayo kwa kweli yanateleza. Na ukiwa umesimama pale fikiria maji hayo yanakoenda: yatapita kando ya nyanda ndefu ya Yatta, yataingia Tsavo na kuitwa Galana, kisha yatamwagika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi yakiitwa Sabaki. Samaki wa Malindi na choo cha Nairobi vimeunganishwa na mto huu mmoja. Ndiyo maana, kwangu mimi, anayependa maumbile hana budi kuyaona maporomoko hayo hata yakiwa machafu.

Sasa siku ya pili.

Lala Machakos mjini, ambako hoteli zipo za kila bei, na asubuhi panda vilima vya Iveti vilivyo juu ya mji. Chukua barabara ya Mutituni. Kuna msitu wa serikali wenye miti ya kupandwa na mabaki ya msitu wa asili, na hewa yake ni baridi kuliko anavyotarajia mtu aliyeambiwa Ukambani ni joto tupu. Lakini usitazame msitu peke yake. Simama mahali popote penye uwazi, utazame mteremko wa ng'ambo. Utauona umekatwa ngazi baada ya ngazi, kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na kila ngazi ina mahindi, maharagwe, kahawa au miembe. Hayo ni matuta, na yamechimbwa kwa jembe na sururu.

Ili kuelewa unachokiona, rudi nyuma hadi miaka ya 1930. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewabana Waakamba katika eneo dogo, ardhi nzuri ikapewa walowezi na nyingine kufungwa, mifugo na watu wakajaa vilimani na udongo ukaanza kukimbia. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kali kuhusu mmomonyoko huo. Dawa ya serikali ikawa kunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wengi wakipelekwa kiwanda cha nyama cha Liebig kule Athi River, ambako leo pana kiwanda cha Kenya Meat Commission. Muindi Mbingu aliwaongoza watu kwa maelfu, wake kwa waume, wakatembea hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize, wakapiga kambi huko kwa majuma. Yeye alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu ukavunjika.

Baadaye serikali ilijaribu kulazimisha matuta membamba kwa kazi ya shuruti, nayo mengi yalibomoka. Yaliyodumu ni yale watu waliyoyachagua wenyewe, hasa kuanzia miaka ya 1950, walipoona kwamba tuta pana huhifadhi maji na kuleta mavuno. Mtindo unaotumika sana unaitwa fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukatiza mteremko, akifuata usawa wake, na udongo unaotoka huutupa upande wa juu kuwa tuta. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukwama kwenye tuta, na mwaka hadi mwaka ardhi iliyo juu yake husawazika mpaka mteremko unageuka ngazi. Juu ya tuta hupandwa nyasi za nepia: mizizi inashika udongo, majani yanalisha ng'ombe. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya mwethya, majirani wanaochimba shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu eneo hilihili. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ya zamani ya Machakos waliongezeka mara tano hivi, na ardhi badala ya kufa ikawa na miti mingi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi. Wataalamu wa dunia nzima waliozoea kusema kwamba watu wengi huua ardhi ilibidi wafikiri upya.

Ndiyo sababu nasema siku hii usiiache. Mbugani unaonyeshwa maumbile yaliyolindwa dhidi ya watu. Vilimani Machakos unaona maumbile yaliyofufuliwa na watu.

Utayaonaje kwa karibu? Tafuta mwenyeji. Mwenye nyumba ya wageni, kanisa au chama cha akina mama kitakuunganisha na mkulima aliye tayari kukuonyesha shamba, na umlipe muda wake bila kumsubiri aombe. Ukifika salimu kwanza: "Mwi aseo?" kwa waliokaa pamoja, na "muvea" wakati wa kushukuru. Mkubwa kwako mwite mzee au mama, ukae kidogo, ndipo uulize kuhusu shamba. Usitembee juu ya ukingo wa tuta, maana mguu mmoja hubomoa kilichojengwa kwa msimu mzima. Pita pale mwenyeji anapopita. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Na ukioneshwa mtini mkubwa uliozungukwa na kichaka kisichokatwa, uliza kama ni ithembo, mahali pa kale pa sadaka na maombi. Huko hakuvunjwi hata kijiti, na kuna miti ya asili iliyobaki hai kwa sababu ya heshima hiyo tu.

Njiani, ukielekea Mitaboni, utapita Kyamwilu, ambako maji yaliyomwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima. Watoto watafurahi, nawe simama dakika chache, kando ya barabara, si katikati. Miinuko inayopazunguka hudanganya jicho. Maji yanateremka kama kawaida. Kisha endelea na safari.

Ukibaki na muda wa saa tatu mchana, teremka kusini kuelekea Kola kutazama mabwawa ya mchanga. Ni ukuta wa zege unaojengwa kukatiza mto wa msimu, chini kabisa hadi kwenye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Miezi baadaye, mto ukiwa umekauka kwa macho, watu huchimba kidogo au kuchota kwenye kisima kilichounganishwa. Shirika la Utooni, lililoanzia huku kutokana na vikundi vya wakulima, limejenga mabwawa mengi ya aina hii, na wazo lake limefuatwa nchi nyingine. Tazama pia mito iliyochotwa mchanga kupelekwa kwenye majengo ya Nairobi, mwamba umebaki wazi. Ukiona yote mawili siku moja, huhitaji mtu akueleze mchanga una thamani gani Ukambani.

Siku ya tatu ni nyepesi. Anayependa miamba na wanyama wa nyanda aende Lukenya, karibu na barabara ya Mombasa. Wapanda miamba wa Mountain Club of Kenya wamefanya mazoezi huko kwa miaka mingi, na wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua zana na mabaki ya watu wa Enzi ya Mawe. Ardhi nyingi ni ya watu binafsi, kwa hiyo omba ruhusa na ulipe kabla ya kupanda. Nyandani bado utaona twiga, pundamilia, nyumbu na kongoni, hasa katika ranchi zilizogeuzwa hifadhi kama Swara Plains. Waone sasa. Ua wa nyumba za Athi River na Mlolongo umeziba njia nyingi ambazo nyumbu walipita kwenda Mbuga ya Nairobi. Anayependa maji aende Masinga, kwenye bwawa kubwa la mto Tana lililokamilika mwaka 1981. Ni mbali, kuna joto, na majini kuna mamba na viboko, basi usikaribie ukingo jioni. Mimi ningechagua Lukenya.

Beba viatu vyenye meno, kofia, sweta, koti la mvua, darubini hata ndogo, na maji lita mbili kwa kila mtu kwa siku. Salio la M-Pesa liwepo, na noti ndogo za boda boda na matunda. Kwa chakula omba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Humshibisha mpanda mlima kuliko chipsi. Maembe nunua kando ya barabara kwa mkulima mwenyewe. Mtu akiumia vibaya, hospitali kubwa ya kaunti iko Machakos mjini; kutoka Ol Donyo Sabuk, Thika ni karibu zaidi.

Ukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, tenga nusu siku ufike Wamunyu, kwenye barabara ya Kitui. Huko ndiko uchongaji wa Waakamba ulikoanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge aliporudi na ujuzi alioupata Tanganyika. Nunua kwa ushirika au kwa mchongaji mwenyewe, na kabla ya kulipa uliza ni mti gani. Kwa miaka mingi mpingo na muhugu ilikatwa mpaka ikawa adimu, na muhugu mwingi ulitoka misitu ya pwani ambayo haiwezi kuvumilia zaidi. Akikujibu ni mwembe, mwarobaini au jakaranda, miti inayopandwa na kukua upesi, lipa bei anayotaja. Akisita kujibu, rudisha kinyago mahali pake kwa upole na uende meza ya pili.